Usiku mmoja Leipzig, na saa moja ya ziada

Treni ilituingiza Leipzig kwa chini ya ardhi, na mpango wangu wa kwanza ukaharibika hapo hapo.

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimeipanga safari hii kichwani. Ningeshuka kwenye kituo kikuu, lile jengo kubwa lililokamilika 1915, nitembee kutoka relini hadi ngazi pana za ukumbi wa magharibi, nisimame pale pale nilipokaa juu ya sanduku usiku mmoja wa Oktoba 2011, koti la mtumba nililonunua Karume likinibana mabega, nikisubiri mtu wa kunipokea. Nilitaka nisimame pale nikiwa mtu mzima mwenye kazi yake, nishushe pumzi. Badala yake treni tuliyobadilisha Wittenberg ikazama kwenye handaki. Sauti ikataja kituo kikuu, ikataja Markt, ikataja Wilhelm-Leuschner-Platz, na tulipotokeza juu kwa ngazi za umeme pale Bayerischer Bahnhof, sikujua kushoto ni wapi na kulia ni wapi.

Handaki hilo mimi nililijua kama uzio wa mabati. Miaka yote miwili niliyosoma pale lilikuwa likijengwa, na kila asubuhi nilizunguka nalo kwenda darasani nikilaani matope. Lilifunguliwa Desemba 2013. Mimi niliondoka Septemba.

Wenzangu sitawataja majina. Mmoja ni wa Tanga, alisoma kemia, hakurudi nyumbani, sasa yuko maabara mjini Halle, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni. Mwingine ni wa Mombasa, anaishi Hamburg na watoto wawili. Mimi ni mtu wa Marangu, makazi yangu Dar es Salaam, na Oktoba 2024 kazi ilinipeleka Berlin kwa wiki mbili. Tulipopekua kalenda zetu, Jumamosi ya tarehe 26 na Jumapili ya 27 ndizo siku pekee zilizotukutanisha. Usiku mmoja tu, basi.

Nitasema mapema tulichokosea na tulichopatia, kwa faida ya anayepanga safari ya namna hii. Tulikosea kuandika orodha. Mimi niliandika sehemu kumi na nne: chuo, maktaba, bustani, kanisa la Mtakatifu Thomas lenye kaburi la Bach, kanisa la Nikolai ambako watu waliomba na kuandamana mwaka 1989 mpaka serikali ikatetereka, na mengine. Yule wa Mombasa alipoiona orodha kwenye simu akanirudishia kwa maneno machache: "Dadangu, sisi hatuendi kukagua mji." Tulichopatia ni nyumba. Mimi nilitaka hoteli karibu na kituo, wao wakashikilia tupange nyumba yenye jiko, hata kama ni ndogo, hata kama mmoja wetu atalala kwenye kochi. Kila kilichotokea cha maana usiku ule kilitokea jikoni, na ningekuwa nimekikosa kwa kutaka shuka zilizopigwa pasi. Na kitu kingine kidogo: ile tiketi ya mwezi, yuro 49 wakati huo, hukubalika kwenye treni za mikoa, tramu na mabasi ya nchi nzima, ila treni za kasi hazimo. Tulichelewa kufika kwa zaidi ya saa nzima kuliko wanaopanda treni ya kasi kutoka Berlin, lakini tuliongea njia nzima.

Kutoka Bayerischer Bahnhof hadi kwenye bweni letu la zamani ni kutembea tu. Mtaa unaitwa Straße des 18. Oktober, kwa kumbukumbu ya vita vya 1813 ambavyo Napoleon alishindwa nje ya mji huu. Mabweni yapo vilevile, marefu, ya zege, na nyuma yake kuba la dhahabu la kanisa la Warusi lililojengwa kwa ajili ya wanajeshi wao waliokufa katika vita hivyo. Tramu namba 16 ilipita, na yule wa Tanga akasema, "Sikilizeni anavyolia kwenye kona." Kweli, mlio ni ule ule. Nilikuwa nimeusahau kabisa, ukanirudishia harufu ya chumba changu cha ghorofa ya nane: redieta, sabuni ya unga, na mchele ulioungua wa jirani.

Hatukuingia. Mlango unafunguliwa kwa kadi, na hatukuwa na mtu wa kumwomba. Tulisimama chini tukahesabu madirisha. Dirisha langu lilikuwa na pazia la kijani na mmea. Mimi sikuwahi kuweka mmea. Miaka yote miwili sikununua hata kijiko cha pili, kwa sababu kila kitu nilikipima kwa siku ya kuondoka. Wenzangu wakati ule walikuwa na baiskeli, walikuwa na kadi za maktaba ya mtaa, walijua soko lipi lina samaki Ijumaa. Mimi nilikuwa na kalenda ukutani yenye mistari ya kalamu nyekundu.

Kuanzia hapo safari ilianza kunichoma.

Mchana tulikwenda makumbusho ya Grassi, na hiyo ilikuwa moja ya sehemu mbili tu za orodha yangu tulizozifikia. Nina sababu. Mtoto wa Marangu hulijua jina la Hans Meyer mapema sana, maana liko kwenye lango la kupandia Kilimanjaro, watalii wanalipiga picha. Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Kwetu tunamtaja kwanza Yohani Kinyala Lauwo, mzee wa Marangu, kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Na kutoka Pangani alikuwepo Mwini Amani, aliyekaa nao kwenye kambi ya juu, katika baridi ile, akiwapikia. Meyer akakipa kilele jina la Kaiser Wilhelm na akashuka na jiwe la kileleni. Nusu moja akampa Kaiser, ikawekwa kwenye ukumbi wa kasri la Neues Palais kule Potsdam. Nusu nyingine alibaki nayo, na baada ya miaka mingi ikaonekana kwa muuza vitu vya kale nchini Austria. Kilele chenyewe kilipata jina la Uhuru mwaka 1961.

Nilichokuwa sikijui nilipokuwa mwanafunzi ni kwamba Meyer alikuwa mtu wa Leipzig. Ukoo wake ulikuwa na nyumba kubwa ya uchapishaji hapo mjini, na mwaka 1915 alipewa uprofesa wa jiografia ya makoloni katika chuo kile kile nilichosoma mimi. Habari hizi nilizipata nikiwa Dar, mwaka 2022, niliposoma kwamba kundi la wasanii lililofanya kazi na makumbusho haya lilipanda Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, likakata kipande cha kilele chake, ili kudai jiwe la Kilimanjaro lirudishwe Tanzania. Nilisoma habari ile mara tatu. Nimeishi nusu saa kwa miguu kutoka makumbusho hayo, miezi ishirini na tatu, na sikuingia hata siku moja. Mama yangu anaamka kila siku akiutazama mlima huo. Mimi nilikuwa nakwepa jengo lenye habari zake ili niwahi kurudi chumbani kukata mstari kwenye kalenda.

Jiwe lile lirudi. Nalisema hapa kwa sababu nalisema kila mahali.

Jioni tukaenda Eisenbahnstraße kununua chakula, na tulikwenda Jumamosi kwa makusudi, maana Jumapili Wajerumani hufunga maduka na mgeni asiyejua hulala na njaa. Mtaa ule ulikuwa ndiyo Kariakoo yetu: Waarabu, Waturuki, Wavietinamu, Waafrika wa kila upande. Bado uko hivyo. Tulipata sembe, bamia, ndizi za kupika, tui la kopo, na vibua wawili waliogandishwa kama matofali. Yule wa Mombasa alikagua macho ya wale samaki kana kwamba wametoka baharini asubuhi ile.

Sasa nifike jikoni.

Tulikula tukachelewa kuondoa sahani. Nje baridi, dirisha limeingia ukungu kwa mvuke wa ugali. Tulianza kwa kucheka habari za watu, nani kaoa nani, nani kafungua duka wapi, na katikati ya maneno hayo yule wa Mombasa akasema, "Mimi nikikumbuka Leipzig, nakumbuka ule msiba wako." Akanyamaza, akanitazama kama amekosea.

Baba yangu alifariki Februari 2013. Kaka alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Nauli ya ndege sikuwa nayo, na hata ningekopa, nisingewahi. Walimzika kihambani, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe, na mimi nilisikiliza mazishi kwa simu. Kaka aliishika juu kaburini mpaka vocha ikaisha katikati ya wimbo. Nilibaki na simu sikioni, nimekaa kitandani, theluji inaanguka nje.

Wenzangu walikuja. Walikuja wote, Watanzania, Wakenya, dada mmoja wa Bujumbura, vijana wawili wa Kampala. Walitandika mashuka sakafuni kwenye chumba cha pamoja cha ghorofa ya chini, wakapika, wakaimba pole pole, wakakaa nami siku tatu. Mmoja aliniogesha uso kwa kitambaa cha maji ya moto. Mchango ulipitishwa kwenye bahasha ya chuo. Matanga yangu yalikaliwa Leipzig, na sijui ningekuwa wapi leo kama yasingekaliwa.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hawajafika wote, alikuja pia Bibi.

Nilikuwa namwita hivyo moyoni. Kwa Kijerumani nilimwita kwa jina la ukoo, kama adabu yao inavyotaka, mpaka siku moja, baada ya miezi minane, alipomimina mvinyo kwenye glasi ndogo mbili na kuniruhusu rasmi nimwite kwa jina lake. Tulikutanishwa na mpango wa kuwaunganisha wanafunzi wageni na wenyeji wa mji. Mwaka ule wa msiba alikuwa na miaka 73. Maisha yake yote alipanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha uchapaji, maana Leipzig ilikuwa mji wa vitabu, na kiwanda kilipofungwa baada ya Ujerumani mbili kuungana alibaki bila kazi akiwa na miaka hamsini na kidogo. Kila Alhamisi nilikwenda kwake Reudnitz, tunakunywa kahawa, ananisahihisha Kijerumani. Vidole vyake vilikuwa na tabia ya kugusa ukingo wa kila karatasi, kuunyoosha.

Siku ile ya msiba alisimama mlangoni kwangu na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ile ya kuhifadhia matunda, ndani yake supu ya viazi. Alinishika mkono. Alisema lile neno lao la pole. Akakaa kwenye kiti changu pekee, nami kitandani, na hakusema tena kitu. Saa nzima. Hakulia, hakuniuliza baba aliugua nini, hakumtaja Mungu. Kisha akainuka, akasema, "Sasa nitakuacha utulie," akaondoka.

Niacheni niseme jinsi lilivyonichoma neno hilo. Kwetu mfiwa haachwi. Kwetu hata mtu mliyegombana naye anakuja kukaa kwenye benchi chini ya turubai, na anakaa mpaka umwambie basi, na hata ukimwambia haondoki. Kuniacha nitulie? Nilimhesabia ubaridi. Nilisema moyoni, hawa watu ndivyo walivyo. Alhamisi iliyofuata sikwenda. Na iliyofuata. Aliandika kadi, ukingo wake mweusi, maneno manne yenye mwandiko ulionyooka. Niliitia kwenye droo. Alipiga simu mara mbili nikaiacha ilie. Septemba nikapanda ndege bila kumuaga, na ile chupa ya supu nilikuwa nimeiviringishia soksi nikaitia kwenye sanduku, kwa sababu ilikuwa chupa nzuri. Iko jikoni kwangu Dar mpaka leo. Naweka iliki.

Haya yote niliyasema usiku ule kwa wenzangu, kwa mara ya kwanza. Yule wa Tanga alikuwa ananisikiliza huku anakwangua ukoko wa ugali kwa mwiko. Akasimama.

"Mwenzangu," akasema, "wewe unadhani kile chumba cha chini tulikipataje?"

Sikuwahi kujiuliza. Chumba kile kiliwekewa nafasi wiki kadhaa kabla, na saa nne usiku kelele mwisho. Sisi tulikaa siku tatu, na usiku wa pili watu waliimba mpaka saa sita.

Akanieleza. Alikutana na Bibi kwenye lifti, Bibi akishuka kutoka kwangu, macho mekundu. Bibi akamuuliza: kwenu mtu akifiwa mnafanyaje? Akamweleza: watu hukusanyika, hulala pale pale, hupika. Bibi akauliza mnahitaji mahali pakubwa kiasi gani. Kisha akaenda kwa msimamizi wa jengo, ambaye mama yake walifanya kazi pamoja kiwandani, akakaa ofisini kwake mpaka kitabu cha nafasi kikafunguliwa. Usiku wa pili, mpangaji wa ghorofa ya kwanza alipolalamika, alipigiwa Bibi, na Bibi akapanda tramu saa tano ya usiku kwenda kuzungumza naye.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alituomba tusikwambie siku zile, usije ukaona una deni katikati ya msiba. Baadaye tukadhani amekwambia mwenyewe. Si ulikuwa unakwenda kwake kila Alhamisi?"

Hakuna aliyejua kwamba nimeacha kwenda.

Sikuweza kulala, na wao hawakuniacha niwe macho peke yangu. Usiku ule ulikuwa ule wa mwisho wa Oktoba ambao Ulaya hurudisha saa nyuma. Tuliweka simu yangu mezani katikati ya makombo, tukaitazama. Ilionyesha saa nane na dakika hamsini na tisa usiku. Tukangoja. Ilipotakiwa kuandika saa tisa, ikaandika saa nane kamili. Yule wa Mombasa akasema, "Haya, tumepewa. Itumieni." Na tukaitumia. Walinikumbusha mambo ya miaka ile ambayo mimi niliishi ndani yake bila kuyaona: jinsi msimamizi yule yule alivyokuwa akiniwashia taa ya ngazi akinisikia nikirudi, jinsi muuza mboga wa Eisenbahnstraße alivyoniongezea ndimu kila mara na mimi nikidhani amekosea kuhesabu. Nilikuwa nimeubeba kwenda Dar mji ambao hakuna aliyenijali. Wenzangu waliishi mtaa ule ule, na mji huo hawaujui.

Asubuhi nilitafuta namba ya simu kwenye kidaftari changu cha anwani, ambacho nashukuru sijawahi kukitupa. Ilikuwa simu ya mezani. Saa tatu kamili nikapiga, maana mapema zaidi ya hapo siku ya Jumapili ni utovu wa adabu kwao. Ililia mara nne. Ikapokewa, na sauti ikataja jina la ukoo, kama wazee wao wanavyopokea simu. Nilitaja langu. Kimya. Kisha akaniita kwa jina langu la nyumbani, lile nililomfundisha kulitamka kwa wiki tatu, na akalitamka sawasawa.

"Njoo saa tano," akasema. "Saa sita wajukuu wanakuja kula. Nina saa moja."

Wenzangu walikataa kuja. "Hili lako," alisema yule wa Tanga, akabaki kufunga mizigo. Sikuwa na cha kubeba na maduka yamefungwa, ila chini ya begi nilikuwa na pakiti ya kahawa ya kihambani kwetu, mama ameikaanga mwenyewe, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mwenyeji wangu wa Berlin. Mwenyeji wa Berlin alinisamehe.

Ngazi za Reudnitz bado zinanukia nta ya mbao. Ghorofa ya tatu. Amekuwa mdogo, bega la kulia limeshuka, nywele zimebaki chache na ni nyeupe pe. Ana miaka 84. Tulipeana mikono, halafu akanikumbatia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tukiwa na Alhamisi zetu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu. Nilisema kwamba nilimkosea, kwamba sikuelewa, kwamba nimejua jana usiku habari ya chumba. Alinisikiliza huku ananyoosha ukingo wa kitambaa cha meza.

"Mimi nilidhani nilikuja mapema mno," akasema.

Akanieleza kwamba kwao mtu aliyefiwa huachiwa nafasi. Kwenda siku ile ile, bila kualikwa, mlangoni kwa mtu, ni kumvamia. Siku ile alilizunguka bweni mara mbili na chupa ya supu ndani ya koti kabla ya kubonyeza kengele. Nilipoacha kwenda Alhamisi, akajua ndicho nilichokasirikia: kwamba alikuja. Miaka kumi na moja yeye alijilaumu kwa kuja, na mimi nilimlaumu kwa kuondoka.

"Na supu?" akauliza. "Ilikuwa sawa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliila peke yangu usiku, na ilikuwa na chumvi kidogo na nilimaliza yote. Nikamwambia na habari ya chupa. Kwamba kwetu chombo cha mwenzio hakirudishwi kitupu, na mimi sikukirudisha hata kitupu. Alitaka kujua iliki ni nini. Nikamwandikia jina kwenye karatasi, kwa Kiswahili na kwa Kijerumani, akaisogeza karatasi mbali na macho, akazikagua herufi moja moja kama anatafuta kosa la chapa.

Tulipokuwa tukinywa ile kahawa, saa yake ya ukutani ikagonga. Saa ya zamani, ya mbao, yenye rungu dogo la shaba linaloyumba nyuma ya kioo. Iligonga mara kumi na mbili. Simu yangu ilionyesha saa tano na dakika chache tu.

"Sijairudisha," akasema. "Bega. Nilikuwa namngoja mjukuu."

Nikavuta kiti nikapanda, nikafungua kile kidirisha cha kioo, nikanyoosha kidole kuurudisha mshale nyuma.

"Hapana! Hapana!" Aliinuka kabisa. "Ukizungusha nyuma unaivunja. Inasimamishwa. Unaishika, inasimama, unangoja saa nzima, unaiachia."

Nikalishika lile rungu kwa vidole viwili. Lilikuwa baridi, na zito kuliko nilivyodhani. Mlio ukakatika, na chumba kikawa kimya kabisa, ule ukimya wake ninaoujua. Nikashuka, nikakaa. Hakusema kitu kwa muda mrefu, nami safari hii sikutafuta maneno. Alinyoosha mkono juu ya meza, nikauweka wangu pale. Chini mtaani tramu ilipita. Baadaye akaniuliza baba aliugua nini.

Nikamsimulia. Nilimsimulia mpaka kwenye migomba, mpaka kwenye wimbo uliokatika kwa vocha kuisha, na akaniomba nimwimbie uliobaki. Nikamwimbia, kwa Kichaga, beti mbili.

Saa sita kasoro kidogo kengele ya mlango wa chini ikalia, na tukasikia watoto wakikimbia ngazini. Niliinuka kuchukua koti. Akanionyesha saa kwa kidevu.

"Bado dakika mbili," akasema.

Nikapanda tena kwenye kiti, nikashika rungu, na tukangoja wote wawili, yeye macho kwenye simu yangu, mpaka aliposema sasa.